Yamaha NS-10M zilizotumika: spika za studio zikirudi sebuleni

Anayetafuta spika za nyumbani zilizotumika hachukui muda mrefu kabla ya kukutana na jozi ya Yamaha NS-10M, masanduku mawili meusi yenye koni nyeupe (ile karatasi inayotikisika kutoa sauti), ambayo huuzwa kwa bei isiyolingana na umri wake. Wauzaji huzinadi kwa maelezo yaleyale, kwamba hizi ndizo spika zilizotumika katika studio kubwa za dunia. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayamwambii mnunuzi lolote kuhusu namna zitakavyosikika ndani ya chumba chake. Kwa hiyo hapa nazipima kwa kazi moja tu, kusikiliza muziki nyumbani, nikizingatia kwamba jozi yoyote inayouzwa leo imeshapita katika mikono kadhaa na huenda haikutunzwa na wote.

Jambo ambalo matangazo ya kuuza hupenda kuliacha ni kwamba NS-10M hazikuundwa kwa ajili ya studio hata kidogo. Yamaha ilizitoa mwaka 1978 zikiwa spika ndogo za nyumbani, na wasikilizaji wa nyumbani hawakuzipokea kwa shangwe. Waliozipa maisha mapya ni mafundi wa kurekodi, na anayetajwa zaidi miongoni mwao ni Mmarekani Bob Clearmountain, walioanza kuziweka juu ya meza ya kuchanganyia sauti ili wajue kazi yao itasikikaje nje ya studio. Katika miaka ya 1980 zikaenea kiasi kwamba mwaka 1987 kampuni ilitoa toleo lililolenga kazi hiyo moja kwa moja, NS-10M Studio, na mwaka 2008 Yamaha ikapewa tuzo ya Grammy ya upande wa ufundi kwa sababu ya spika hizi. Kwa mnunuzi wa leo, maana ya historia hiyo ni kwamba bei anayotajiwa haikupandishwa na watu wenye mahitaji kama yake. Imepandishwa na studio zinazotaka kile ambacho msikilizaji wa kawaida alikikataa tangu mwanzo.

Walichokikataa kinaeleweka mara muziki unapoanza kulia. Kila spika ni sanduku lililozibwa kabisa, lisilo na tundu la kutolea hewa, lenye ujazo wa takriban lita 10, na ndani yake kuna wufa, yaani kipaza cha sauti nzito, ya sentimita 18, na twita, yaani kipaza cha sauti nyembamba, ya kuba laini ya sentimita 3.5, zinazogawana kazi kwenye masafa ya 2,000 Hz. Sanduku dogo lililozibwa haliwezi kutoa besi nzito, na NS-10M hazijaribu kufanya hivyo: besi huanza kupungua mapema, na noti za chini kabisa za gitaa la besi husikika zaidi kwa masafa yake ya juu kuliko kwa uzito wake halisi. Kinyume chake, masafa ya kati, hasa yanapokaribia 2,000 Hz, yameinuliwa kwa desibeli kadhaa, kiasi kwamba sauti ya mwimbaji, gitaa na ngoma ndogo ya pembeni husogea mbele na kukukabili. Rekodi iliyotengenezwa vizuri huwa wazi kuliko ulivyoizoea. Rekodi mbovu haivumiliki, na baada ya saa moja ya kusikiliza kwa sauti kubwa masikio huchoka.

Sifa yao kubwa ni nyingine, na mimi naiona ndiyo sababu pekee ya haki ya kuzinunua. Noti huanza pale inapopaswa kuanza na hukoma inapopaswa kukoma. Watafiti Philip Newell, Keith Holland na Julius Newell, waliozichunguza pamoja na spika nyingine nyingi za studio na kuandika matokeo yao mwaka 2001, walionyesha kwamba mwitikio wake katika wakati ni wa haraka mno na kwamba haziharibu sauti sana kwa kuongeza vitu visivyokuwemo. Ukisikiliza mpiga gitaa la besi pamoja na ngoma kubwa, unaweza kutenganisha kidole na fimbo, jambo ambalo spika nyingi za kisasa zenye tundu na besi ya kupendeza hulivuruga. Hii si raha ya mtu anayetaka chumba kijae mdundo. Ni raha ya mtu anayependa kufuatilia nani anapiga nini.

Ukizitumia nyumbani, mahali unapoziweka huamua karibu kila kitu. Zikiwekwa katikati ya chumba kikubwa, mbali na ukuta, husikika kavu na nyembamba, na nadhani wengi waliozihukumu vibaya walizisikia zikiwa hivyo. Zisogeze zikaribiane na ukuta wa nyuma, kaa mita moja au moja na nusu kutoka kwenye spika, na besi itapata nguvu kutokana na ukuta wenyewe. Anayetaka zaidi aongeze sabufa, yaani spika ya pekee ya besi. Kwa bahati nzuri besi ya sanduku lililozibwa hushuka polepole na kwa mpangilio, hivyo kuiunganisha na sabufa ni rahisi kuliko ilivyo kwa spika zenye tundu. Nikiwa na sabufa iliyopangwa kwa uangalifu, naweza kuishi nazo. Bila sabufa, nisingezifanya spika zangu pekee.

Kuhusu tofauti ya matoleo, maandishi ya jina husaidia haraka: katika toleo la kwanza yamepangwa kwa spika iliyosimama wima, na katika toleo la Studio yamepangwa kwa spika iliyolazwa. Toleo la Studio linavumilia nguvu kubwa zaidi, na twita yake ilirekebishwa ili isiwe kali kama ile ya kwanza. Ukali wa twita ya zamani ndio uliowafanya mafundi wengi kuning'iniza karatasi laini ya chooni mbele yake, desturi iliyojulikana kiasi cha kupimwa kwa vyombo na kuandikiwa makala. Ukikuta mabaki ya gundi ya utepe pembeni mwa twita, usishangae, ila ujue kwamba spika hizo zilifanya kazi katika studio, pengine kutwa nzima kwa miaka mingi.

Hapo ndipo ukaguzi unapaswa kuwa mkali. Anza na koni, ukiwa na taa ya pembeni. Koni ya wufa haikufinyangwa kwa ukungu kama nyingi zilivyo. Ni karatasi bapa iliyokunjwa na kuunganishwa, na mstari wa kiungo hicho unaonekana ukitoka katikati kwenda ukingoni. Kiungo kikiwa kimeinuka au kina mpasuko mdogo, wufa hiyo itakwaruza kwenye noti za chini. Linganisha rangi ya koni mbili. Jua na moshi wa sigara hugeuza weupe kuwa manjano, na hilo peke yake si kasoro ya sauti, lakini koni moja ikiwa nyeupe na nyingine ya manjano, basi ama spika hizo hazikukaa pamoja au wufa moja imebadilishwa. Swali hilo lina uzito kwa sababu utengenezaji ulikoma mwaka 2001 baada ya malighafi ya karatasi ya koni kutopatikana tena. Zipo wufa na twita za kubadilishia kutoka kampuni nyingine, Avantone ikiwa mojawapo, kampuni ambayo pia ilitengeneza spika nzima ya CLA-10 kwa mfano wa NS-10M. Siziiti mbaya, lakini jozi yenye wufa moja ya asili na moja ya kuiga haistahili bei ya jozi ya asili, na muuzaji anayelifahamu hilo hana budi kulisema kabla hajaulizwa.

Kisha bonyeza koni taratibu kwa vidole viwili vya mikono yote, kwa usawa, mikono ikiwa safi kwa sababu karatasi nyeupe haisahau alama ya mafuta. Inapaswa kuingia na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo mdogo kama wa mchanga, koili, yaani waya uliozungushwa unaosukuma koni, inagusa sumaku. Ukingo wa wufa hii si wa sifongo inayooza na kubomoka, maradhi yaliyozimaliza spika nyingi za umri wake, na hilo ni faida kubwa ukizilinganisha na wapinzani wake sokoni.

Wauzaji wengi watakwambia kwamba wamezipima kwa multimita na kuziona nzima. Hakikisha wamepima nini. Mita ikigusishwa kwenye vituo vya nyuma ya sanduku, pale waya zinapounganishwa, husoma wufa peke yake, kwa sababu twita iko nyuma ya kapasita, kifaa ambacho hakiruhusu mkondo mnyoofu (kama wa betri, ambao mita hutumia) kupita, hivyo spika yenye twita iliyoungua kabisa itaonyesha namba nzuri ya omu 6 au karibu na hapo. Twita ndiyo inayoungua mara nyingi katika spika hizi, na muuzaji anaweza kukudanganya bila hata kujua kwamba anakudanganya. Dawa yake ni sikio: cheza sauti ya mtu anayezungumza, ikiwa sawasawa pande zote mbili, sogeza kitasa cha mlingano cha amplifaya kushoto kabisa halafu kulia kabisa, na usikilize kama herufi s inabaki vilevile. Kisha funika wufa kwa kiganja bila kuigusa na usogeze sikio kwenye twita, ukianza na sauti ndogo. Twita iliyobadilishwa kwa ile isiyo ya aina yake hujionyesha hapo mara moja, kwa kuwa upande mmoja huwa na wepesi ambao mwingine hauna.

Amplifaya ya kuziendeshea nayo huchunguzwa, hasa kama unainunua ikiwa imetumika vilevile. Kinyume cha wanavyodhani wengi, amplifaya dhaifu ni hatari kwa twita kuliko yenye nguvu. Ikilazimishwa kupita uwezo wake hukata vilele vya mawimbi, na mawimbi yaliyokatwa hubeba nguvu nyingi ya masafa ya juu ambayo yote huishia kwenye koili nyembamba ya twita. Kabla ya kuunganisha amplifaya ya zamani na spika za thamani, pima volteji ya mkondo mnyoofu kwenye vituo vyake vya kutolea sauti ikiwa imewashwa bila muziki. Makumi machache ya milivolti hayatishi, lakini ikifika volti moja, ipeleke kwa fundi kwanza. Kitasa cha sauti kinachokwaruza, kwa upande mwingine, kwa kawaida ni uchafu tu na kisikuondolee hamu, ingawa ni sababu halali ya kuomba punguzo.

Hukumu yangu kwa msikilizaji wa nyumbani ni hii. Kama unarekodi au unachanganya muziki, hata kwa kiwango kidogo, jozi ya NS-10M Studio yenye wufa na twita zake za asili inastahili bei ya soko. Kama unataka spika za kufurahia muziki wa kila aina jioni, fedha hiyohiyo itakununulia spika zilizotumika zenye besi kamili na tabia ya upole zaidi, na hutakuwa umelipia jina la studio. Katikati yao yupo msikilizaji wa chumba kidogo, anayekaa karibu, anayependa sauti za watu na ala zisizo na umeme, na ambaye tayari ana sabufa. Kwake ningependekeza toleo la kwanza, lakini kwa bei ya spika za nyumbani na si kwa bei ya hadithi yake.

Nawe unayeuza, piga picha ya koni zote mbili katika mwanga mmoja, na ya kibandiko cha nyuma cha kila spika, namba zikisomeka. Eleza kama ziliwahi kufunguliwa na kilichobadilishwa. Unapozisafirisha, kila spika iwe na sanduku lake, na mbele ya koni pawe na bamba la kadibodi ngumu lililoegemea mbao za sanduku bila kugusa karatasi, kwa sababu pigo moja la kona ya mzigo mwingine linatosha kuigeuza jozi kuwa spika moja na akiba ya vipuri.