Enzi za Ujamaa: mkunga wa jadi au zahanati?

Ubishi huu hauishi, hasa bibi zetu wakianza. Hela kwanza: zahanati za serikali zilizojengwa vijijini baada ya Azimio la Arusha 1967 zilikuwa bure, mkunga ye unampa kuku au doti ya kanga, tena hata baadaye. Ila mkunga yuko jirani, usiku wa manane anakuja, ukishajifungua anakukanda maji moto na uji wa pilipili manga anakukorogea, nesi gani angekufanyia hivyo? Sasa damu ikigoma kukata mkunga hana ujanja, na chanjo, kadi, ile mizani ya kuning'iniza mtoto analia balaa, vyote kliniki. Wengi walichanganya tu. Mimba ya mapacha, heri zahanati hata kwa machela. Uzazi wa tatu, mto umefurika, mkunga.