Nimelipia kutathminiwa sarafu za bibi: uzoefu wangu kutoka Tabora

Hapa Tabora hakosekani mtu anayejua bei ya "hela ya Mjerumani", na bei hiyo huwa haishuki chini ya mamilioni. Bibi mzaa mama alipotuachia kopo la sarafu, mjomba alishaanza kupiga hesabu ya bati. Mimi nikatafuta mtathmini. Yupo Dar es Salaam, anapokea picha kwa WhatsApp, na ada yake ni shilingi 20,000 kwa fungu zima, liwe na thamani au lisiwe nayo. Hiyo ada isiyobadilika ndiyo iliyonivuta. Anayelipwa asilimia ya bei ana sababu ya kuipandisha, na anayetaka kununua mwenyewe ana sababu ya kuishusha.

Alitaka picha za pande zote mbili, zilizopigwa kwa mwanga wa dirishani, pamoja na uzito wa kila moja. Mzani niliazima kwa sonara. Jambo la kwanza aliloniandikia ni, "Kaka, usisugue kitu." Koponi mlikuwa na mbili zilizosuguliwa zamani kwa jivu na limau, zile tulizoziona nzuri kuliko zote, na hizo ndizo alizoziweka chini kabisa. Rangi ya uzee ikishaondolewa hairudi, na mikwaruzo inaonekana wazi chini ya lenzi.

Nyingi zilikuwa sarafu za shaba za heller 20 (heller ilikuwa senti ya rupia ya Mjerumani) za mwaka 1916, zenye taji, herufi D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, na T ndogo chini. T ni Tabora yetu. Vita vilikuwa vimeziba njia ya bahari, sarafu kutoka Ujerumani hazifiki, ndipo Wajerumani wakazipiga hapahapa kwenye karakana ya reli, hadi Wabelgiji walipouteka mji Septemba mwaka huohuo. Mjomba anaijua vizuri historia hiyo na anaihesabu kama pesa. Mtathmini alimjibu kwa upole kwamba heller hizo zilipigwa kwa wingi mno, za shaba ya njano zikipita milioni, na wakusanyaji wa Ulaya wanazo tayari. Iliyo katika hali ya kawaida huenda kwa dola kumi hadi thelathini hivi.

Hapa ndipo nilipoona ada yangu imefanya kazi. Sarafu ya karakana haikupigwa kwa ufundi wa Berlin. Moja yetu ilikuwa na taji lililofifia, nami ningeapa kwamba imelika. Yeye alinionyesha kuwa kingo na herufi bado ni kali, kwa hiyo muhuri wa kupigia sarafu ndio uliogonga kwa unyonge na sarafu yenyewe haijazunguka sana mikononi. Uchakavu hushusha daraja, lakini upigaji hafifu husomwa kwa namna yake. Akakagua pia ukubwa wa taji na ncha za herufi L kwenye neno HELLER, kwa sababu ilitumika mihuri tofauti, na aina adimu ndiyo inayopanda bei. Yetu moja tu ilikuwa na utofauti wa maana.

Bei za kwenye mitandao ya kuuza alizifuta zote. Muuzaji anaweza kuandika dola 5,000 na sarafu ikakaa hapo mpaka achoke. Yeye huangalia minada iliyokwisha, yaani kilichokwishalipwa, kisha anatoa gharama za kutuma na faida ya dalali. Kinachobaki ndicho chako.

Mjomba aliulizia sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Hizo nazo ni za Tabora, 1916, zilipigwa kama 16,000 tu, na ndizo hasa zinazofikia maelfu ya dola. Zina gramu 7.168 na dhahabu yake ni asilimia 75, kwa hiyo wakusanyaji wanalipa mbali zaidi ya madini. Bandia zipo tele. Mzani huziumbua nyingi. Sisi hatuna, jamani.

Shilingi za simba za wakati wa Mwingereza, za kabla ya 1948, ambazo mnunuzi mmoja mjini aliziita madini ya fedha tupu, zina robo tu ya madini hayo. Kila moja haifiki hata gramu 2 za fedha halisi.

Kasoro zipo. Majibu yalichelewa hadi nikaanza kupata wasiwasi, na tathmini yote ilikuja kwa ujumbe wa sauti, hakuna karatasi. Ukitaka cheti cha kumwonyesha mnunuzi wa nje, utahitaji makampuni ya Marekani kama PCGS au NGC yanayopanga sarafu kwa daraja la 1 hadi 70, na gharama yake inakula heller zote za kopo langu.

Nampa nyota nne. Mwenye senti na shilingi za 1966 pekee asimlipe mtu. Afungue katalogi ya Numista mtandaoni, haina malipo. Mwenye kitu chenye T amtafute mtu wa aina hii kabla hajamwona mnunuzi yeyote. Sisi tumeuza za kawaida, ile yenye utofauti imebaki kwa mama, na mjomba bado anasema tumepunjwa.