Mtumba wa Karume na usafi wa Coco: uzoefu wangu wa kuvaa vizuri Dar bila kuongeza taka

Nianze na jibu la swali ninaloulizwa kila ninapovaa kitu kizuri: ndiyo, ni mtumba, na ndiyo, nimeutoa soko la Karume. Kwa anayeishi Dar es Salaam na anajali mazingira, namshauri apite pale kabla hajafikiria duka la nguo mpya. Ila nina sharti moja ambalo sitalegeza: nunua nguo utakayoivaa mpaka ichakae. Mtumba unaovaliwa mara mbili ukatupwa ni taka iliyovuka bahari kutoka Ulaya au Marekani ikaja kuishia kwetu, na hilo nimeliona kwa macho yangu ufukweni.

Mimi hushiriki usafi wa ufukwe wa Coco, pale Oysterbay. Ni shughuli ambayo haina kiingilio wala sare. Unakuja na glovu, chupa yako ya maji na kofia, unapewa gunia, mnaanza kuokota na mwisho mnachambua mlichokipata. Asasi ya Nipe Fagio ni miongoni mwa zinazoandaa shughuli hizi jijini, na ukiwafuatilia mtandaoni utajua lini wanakusanyika wapi. Wao hawaishii kuokota. Wanachambua na kuhesabu taka kwa aina na kwa kampuni iliyotengeneza bidhaa, ili ijulikane nani anazalisha nini. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019, ile mifuko laini ya rambo haionekani mchangani kama zamani. Chupa na vifuniko bado vimejaa. Kitu ambacho sikukitarajia nilipoanza ni nguo.

Unaona kipande kinachungulia kwenye mchanga, unakivuta ukidhani ni kamba ya wavuvi, kumbe ni mkono wa fulana ya michezo. Unavuta tena, inatoka nzima, nzito kwa mchanga na maji, imeng'ang'aniwa na majani ya baharini, na rangi yake ya bluu bado inang'aa. Fulana ya pamba ikikaa ardhini huoza. Ile ya poliyesta imetengenezwa kwa malighafi inayotokana na mafuta ya petroli, kwa hiyo ni plastiki iliyosokotwa kuwa uzi. Haiozi, inakatikakatika tu kuwa nyuzi ndogo ambazo huwezi tena kuziokota. Na njia inayoifikisha hapo inajulikana: nguo inayotupwa bondeni mvua zikinyesha hubebwa na Mto Msimbazi, unapita Jangwani na kumwaga baharini pale Salenda, na bahari inasambaza. Tangu nilipoiona ile fulana, kitu cha kwanza ninachotazama kwenye nguo ni kitambaa. Mtindo na rangi vinakuja baadaye.

Sasa Karume yenyewe. Mimi hupanda basi la mwendokasi hadi Kariakoo, nikashuka upande wa Mtaa wa Msimbazi na kutembea kwa Mtaa wa Uhuru mpaka sokoni. Ni mwendo mzuri kwa asubuhi, jua halijachachamaa. Soko liko Mchikichini, Ilala, jirani na uwanja wa mpira wa Karume. Wengi mtakumbuka liliteketea kwa moto Januari 2022 na wafanyabiashara wakapoteza mitaji yao yote usiku mmoja. Leo wapo, wanauza, na kila ninapolipa pale nakumbuka kwamba hawa ni watu walioanza upya kutoka kwenye majivu.

Ukitaka kununua kwa haki, elewa kwanza mzigo unafikaje mezani. Muuzaji ananunua belo limefungwa, kwa kawaida la kilo 45, limeandikwa aina ya nguo na daraja lake: mashati ya kiume, magauni, jinzi, nguo za watoto. Halifunguliwi kabla ya kulipiwa. Akilikata ndipo anapojua bahati yake. Likija zuri anarudisha hela na faida kwenye nguo chache za juu. Likija bovu, amebaki na rundo la nguo zilizochanika, zenye madoa, au makoti ya baridi ambayo hapa Dar hakuna wa kuyavaa. Ndiyo maana bei ya asubuhi, mzigo ukiwa umefunguliwa tu, haifanani na ya mchana, na jioni utasikia mnada wa buku buku, yaani elfu moja moja, kwa zile zilizobaki. Wanaokuja kuchagua asubuhi wengi ni wauza maduka ya Sinza na Kinondoni na wale wa mtandaoni, wanaozifua, kuzipiga pasi na kuziuza kwa bei mara kadhaa. Sina ugomvi nao, kazi ya kuchagua ni kazi. Lakini kama una saa mbili na miguu imara, chagua mwenyewe.

Kuna shati moja la kitani nililolipata pale ambalo linaeleza jambo hili kuliko maelezo mengi. Rangi ya udongo mkavu, ukosi mfupi, lebo ya ndani imeandikwa kwa Kiitaliano. Nililigeuza nje ndani, nikalinyanyua juu kuelekea mwanga. Kitambaa kilikuwa kizima, hakina sehemu iliyopauka wala kulika. Kifungo cha pili hakikuwepo, na chini ya kwapa la kushoto mshono ulikuwa umeanza kuachia.

"Hiyo umeiokota mwenyewe dada yangu, sijakuonyesha mimi. Elfu kumi na mbili."

"Kaka, kifungo hakipo, na hapa kwapani panaachia. Saba."

"Saba belo halirudi. Lete tisa nikufungie."

Nikalipa tisa. Nalivaa kazini, nalivaa safarini, limefuliwa mpaka limelainika vizuri, na sioni dalili ya kuchoka. Kasoro ya kifungo na mshono ni kasoro rahisi. Zile za kukimbia ni doa la jasho lililogeuka njano kwapani, kitambaa kilicholegea magotini, jinzi iliyolika mapajani, na lastiki iliyokufa. Hizo fundi hana dawa nazo, na ukizinunua kwa sababu ni buku tu, umenunua taka.

Mahali pa kujaribia nguo usitegemee kwenye masoko yetu ya mtumba. Sisi wanawake tuna njia yetu: vaa dera, ndani yake tisheti nyepesi na suruali ya kubana, utajaribu chochote papo hapo bila aibu. Wanaume nawaona wanapima suruali kwa kuzungushia kiuno chake shingoni. Inasaidia, ila mimi naamini futi ya fundi zaidi. Nimejiandikia vipimo vyangu kwenye simu, kifua, kiuno, nyonga na urefu wa mguu, na natembea na futi mkobani.

Fundi ndiye nusu ya pili ya biashara hii, na naona hatumtaji inavyostahili. Wangu anakaa barazani mtaani kwetu na cherehani yake ya kukanyaga, haili umeme hata kidogo. Yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kutambua kitambaa pale lebo inapokuwa imekatwa. Anachomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, anaushika kwa kibano, anauwashia kiberiti. Pamba na kitani huungua kwa moto wa haraka, harufu ya karatasi, na kubaki jivu laini ukiligusa linapotea. Poliyesta inajikunja, inayeyuka, inatoa moshi mweusi, ikipoa inabaki kidonge kigumu ambacho hata kwa kucha hukivunji. Ukishaona kidonge kile mara moja, fulana ya "elfu mbili mbili" haikuvutii tena kirahisi. Kwa kupunguza kiuno, kukata mkono au kushona upya pindo namlipa kati ya elfu mbili na elfu tano, na vipande vinavyobaki anavitunza kwa ajili ya mifuko ya ndani na viraka.

Kufua nako kuna utaratibu. Nguo za mtumba huja na harufu yao ile ya ghalani ambayo wote tunaijua. Za pamba naloweka usiku kucha kwenye maji ya moto na sabuni, asubuhi nafua, naanika juani, kisha pasi ya moto pande zote mbili, mishono na mapindo yasisahaulike. Maji ya kusuuzia nasafishia baraza na choo. Nguo za ndani sinunui mtumba, na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wamezipiga marufuku kwa sababu za kiafya. Hata ukizikuta zimepangwa vizuri kiasi gani, ziache.

Kuhusu kununua mtandaoni, uzoefu wangu ni mchanganyiko. Ukurasa mmoja uliniuzia gauni lililotangazwa kuwa pamba tupu, lilipofika fundi akachoma uzi na kidonge kikatokea. Niliporudisha malalamiko nikaambiwa mzigo haurudishwi. Tangu hapo kabla ya kulipa naomba picha ya lebo ya kitambaa na picha ya kwapa. Muuzaji mwaminifu anazituma bila kununa, na wapo wengi wa namna hiyo.

Kuna hoja dhidi ya mtumba ambayo siwezi kuiruka, kwa sababu naiamini kwa sehemu. Wazazi wetu wanakumbuka miaka ya themanini mwanzoni, nguo zilipokuwa adimu na kanga ikipangiwa foleni. Biashara ilipofunguliwa, na Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, akaingia madarakani 1985, mitumba ikamiminika na watu wakavaa. Lakini viwanda vyetu vya nguo, kama Urafiki pale Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya sitini, vikapata mshindani ambaye hangeweza kushindwa kwa bei. Mitumba siyo sababu pekee ya kudorora kwa viwanda, ila ni mojawapo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya ushuru ya AGOA, ile inayoziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, nchi nyingine zikarudi nyuma, na Rwanda iliyosimama na uamuzi wake ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa mavazi mwaka 2018. Mpaka leo roho inaniuma nikifikiria kwamba pamba inalimwa Simiyu na Shinyanga, sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa marobota ya nyuzi ghafi, halafu sisi tunanunua belo la fulana zilizovaliwa na wengine. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu: mashati, jinzi na makoti mepesi nachukua mtumba. Kanga, mashuka na nguo za sherehe natafuta zilizofumwa nchini, hata kama nitasubiri mshahara.

Fulana moja tu ya pamba inakadiriwa kutumia takriban lita 2,700 za maji mpaka ikamilike, tangu shambani. Maji hayo yameshatumika kwenye ile iliyopo mezani Karume. Kila mwaka unaouongeza kwenye maisha yake ni mwaka ambao hujaagiza nyingine itengenezwe.

Kama unataka kuipanga siku yako yote kwa mtindo huu, baada ya soko napendekeza Bustani ya Mimea pale mjini, jirani na Makumbusho ya Taifa. Ilianzishwa 1893 enzi za Wajerumani, ina miti mikubwa yenye kivuli cha kweli, na tausi wanaotembea bila hofu. Ni mahali pa kukaa na chakula chako ulichobeba kwenye kontena kutoka nyumbani. Kwa wenye siku nzima ya bure, nendeni Pugu. Daladala za Pugu Kajiungeni zipo, kisha bodaboda hadi getini. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni kati ya misitu ya asili iliyobaki karibu kabisa na jiji hili, uko Kisarawe chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na una mapango ya zamani ya machimbo ya kaolini ambamo jioni popo hutoka kwa makundi. Vaa viatu vya kufunga na shati la mikono mirefu. Lile langu la kitani limeshafika huko.

Nikipima yote, Karume naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naizuia mpaka nione jijini mahali pa kupeleka nguo chakavu ambazo hata mnada umezikataa, zikatwe kuwa vitambaa vya gereji au vijazio vya mito badala ya kusubiri mvua. Kwa sasa za kwangu nazikata mwenyewe, zile za pamba, nampelekea fundi magari mtaani, naye huzipokea kwa furaha kwa sababu zinafyonza oili vizuri. Za poliyesta hazifyonzi, kwa hiyo nazijaza kwenye mito ya makochi.

Mkienda mwezi huu, kumbukeni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni ya usafi, sehemu nyingi za biashara hufunguliwa zikiwa zimechelewa. Siku nyingine zozote fikeni mapema, bebeni kikapu na noti ndogo ndogo, simu na pesa viwe mfuko wa mbele. Na mkipata shati la kitani saizi ya kati, nitumieni ujumbe.