Yoga kwa mchezaji wa netiboli: uzoefu wangu wa darasa la wanawake Mji Mkongwe

Nacheza netiboli, na asubuhi za Jumapili natoka na kikundi chetu cha mazoezi kukimbia mpaka Maisara. Kwa hiyo nilipojiandikisha kwenye darasa la yoga la wanawake hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, kilichonipeleka ni nyonga zinazobana na kifundo cha mguu wa kushoto kilichokuwa kikiteguka kila mara. Msimu mzima wa netiboli nimeucheza huku nikihudhuria, na wenzangu wengi wananiuliza kama linamfaa mtu wa michezo.

Linafaa sana. Tena faida kubwa kwangu imetoka kwenye kusimama kwa mguu mmoja, kuliko kule kujinyoosha kunakosifiwa na kila mtu. Kwa asiyecheza netiboli: ukidaka mpira huruhusiwi kukimbia nao. Mguu uliotua kwanza ukiuinua, usiurudishe chini mpaka mpira umetoka mkononi, na mpira wenyewe unakaa nao sekunde 3 tu. Yaani kila ukidaka unafunga breki ghafla, na uzito wote unaliangukia goti na kifundo.

Mwalimu alitupa mkao wa mti. Wayo mmoja umekita chini, wa pili umeegemea paja kwa ndani (kamwe usiuegemeze kwenye goti), viganja vimekutana kifuani, macho yameganda mahali pamoja ukutani. Mwanzo kifundo kilikuwa kikitetemeka na vidole vimejikunja kwa nguvu. Mwalimu akachutama, akanigusa kidole gumba cha mguu. "Legeza vidole, dada. Uzito ugawe sehemu tatu: kisigino, shina la kidole gumba, shina la kidole kidogo." Nikalegeza, na mtetemo ukapungua pale pale. Siku hizi nikidaka mpira hewani natua nimeshatulia, namuona wa kumpa. Kocha aliliona hilo kabla sijamwambia kitu.

Ila angalia unaifanya saa ngapi. Kujinyoosha kwa kutulia muda mrefu kabla ya mchezo kunapunguza kwa muda nguvu ya kuruka na kuchomoka. Siku ya mechi napasha moto kwa kukimbia na kurusha miguu. Yoga naiweka jioni baada ya mazoezi, au siku ya kupumzika. Na wanaosema yoga peke yake inatosha, siwaungi mkono. Mechi yetu ni robo 4 za dakika 15, na pumzi ya dakika 60 inatafutwa kwa kukimbia. Ryan Giggs, aliyeichezea Manchester United mpaka 2014 akiwa na miaka 40, aliisifu yoga kwa kumsaidia misuli ya nyuma ya paja, lakini mazoezi ya uwanjani hakuyaacha.

Suala la dini naulizwa sana. Yoga asili yake ni India, na huko ina upande wake wa ibada. Darasa letu ni mikao na pumzi tu, hakuna kuimba wala maneno ya kukariri. Niliuliza kabla sijalipa, na wewe uliza popote utakapokwenda. Mlango unafungwa, mabuibui yanatundikwa, tunafanya kwa raha zetu. Ramadhani darasa lilisogezwa karibu na futari na mikao ikawa ya kukaa na kulala tu. Kukimbia nilikuwa nimepunguza, na yoga ndiyo iliyonishikia mwili.

Kasoro zipo. Feni ni moja, na kaskazi ikipamba moto chumba kinachemka. Mikeka yao imechakaa, ukitoka jasho viganja vinateleza, kwa hiyo nunua wako wa mpira; wa ukili usiutie akilini, kwenye saruji unakimbia wote.

Linaloniuma zaidi ni bei. Shilingi 10,000 kwa kila darasa ni nafuu ukilinganisha na Paje kule ufukweni, ambako bei za wengi zinawalenga wageni, lakini wasichana wa timu yetu, wengi bado wapo skuli, hawaiwezi. Nimemuomba mwalimu atutengee siku moja ya bei ya timu, naye amekubali kuzungumza na wenye chumba. Kwa sasa nawafundisha mkao wa mti pale pale uwanjani, viatu wamevua, kila tukimaliza mazoezi.