TAHADHARI: Anauza mchanganyiko wa poliesta kwa jina la "pamba tupu"

Mafundi wenzangu, kuna muuzaji wa vitambaa mtandaoni anayetangaza "pamba tupu asilimia 100, haikunjamani, hairudi". Nilinunua kwake jora mbili za kushonea mashuka ya watoto. Zote zimeniharibikia, na bado anauza.

Kabla ya kulipa nilimwomba kipande cha kujaribia. Nikachomoa uzi, nikauchoma. Ukawaka kama karatasi, ukabaki jivu laini la kijivu. Nikaridhika. Kumbe nilichomoa mtande tu (nyuzi za urefu wa kitambaa), mshindio (nyuzi za upana) sikuugusa.

Jora zilipofika nikakata, nikachovya kwenye rangi ya pamba. Kitambaa kikatoka na michirizi: nyuzi za upande mmoja zimekolea, za upande wa pili zimepauka. Rangi ya pamba haishiki poliesta. Poliesta ina rangi zake, na viwandani huchovywa kwa mgandamizo kwenye joto la nyuzi 130 hivi za Selsiasi. Ndipo nikauchoma mshindio. Ukajikunja kuukwepa moto, ukafuka moshi mweusi, ukaacha punje ngumu isiyopondeka kwa vidole. Nikarudi kwenye kile kipande cha mwanzo, nacho kilikuwa hivyo hivyo.

Sina ugomvi na mchanganyiko wenyewe. Poliesta 65 kwa pamba 35 ni kitambaa kizuri cha sare: imara, kinakauka upesi, hakisumbui kupiga pasi. Ila mnunuzi aambiwe anachonunua, maana shuka si sare. Pamba katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa asilimia 7 au 8 ya uzito wake, poliesta haifikii hata nusu asilimia. Mtoto akitoka jasho, kitambaa hakilinywi. Kikifuliwa mara kadhaa kinaota vinundu, na vinundu hivyo havidondoki kwa sababu nyuzi za poliesta hazikatiki kirahisi, zinavishikilia.

Kilichonitia hofu zaidi ni moto. Poliesta peke yake huyeyuka na kudondoka. Ikiwa pamoja na pamba, pamba inakuwa kama utambi: inaishika ile iliyoyeyuka, iendelee kuungua pale pale ilipo. Na haya yalikuwa mashuka ya watoto!

Nilipomwandikia alidai nimekosea kuchovya, kisha akanifungia mawasiliano.

Mkipima, chomoeni nyuzi za mtande na za mshindio, mzitenge, mchome kila upande peke yake. Shikeni kwa kibanio juu ya sahani ya bati yenye maji, msitumie vidole, kwani poliesta iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi na kuunguza vibaya. Moto hautawatofautishia pamba na viskosi (nyuzi za kiwandani zitokanazo na miti), zote huungua kama karatasi. Hapo loweka uzi kisha uvute: viskosi ikilowa hudhoofika, pamba huzidi kuwa imara.

Majina ya akaunti anayabadilisha, lakini tangazo ni lile lile, na neno la kuliangalia ni "haikunjamani". Pamba tupu isiyotiwa dawa kiwandani hukunjamana. Muulizeni imetiwa dawa gani, na mwombeni aandike asilimia za nyuzi kwenye risiti kabla hamjatuma hela. Mimi sikuuliza lolote kati ya hayo.