Nzi wa ndizi ama mdudu wa unga: nani anafaa kusomea macho?

Ukipita Kibuye hapa Kisumu kwa ndizi zilizoiva sana utawaona, vinzi vidogo vya macho mekundu, na ukifungua unga uliokaa sana kwa nyumba unakuta wale wengine wa kahawia wanatembea tu kama wenye nyumba. Jeni za kutengeneza macho karibu ni zile zile, lakini mpangilio wa nani anaamuru nani ndio haufanani.

Kwa nzi, jeni inaitwa eyeless ndio bosi. 1995 maabara ya Walter Gehring kule Uswisi iliwasha hiyo jeni mahali haifai na macho yakamea kwa miguu, mabawa, hadi antena, aki hiyo picha ukiiona chakula hakishuki. Inawasha jeni zingine mbili za macho, sine oculis na eyes absent, halafu hizo nazo zinairudia isizime, ni kama chama tu, kila mtu anamsukuma mwenzake achange.

Mdudu wa unga sasa, zima eyeless na jeni pacha wake zote mbili, macho ya lava (mdudu akiwa bado mchanga) yanaharibika vibaya lakini ya mkubwa yanaguswa kidogo tu, mpaka uzime jeni nyingine, dachshund, pia ndio unaona hasara yenyewe.

Kwa kazi, nzi anakomaa siku 10 hivi, huyu mwingine karibu mwezi. Lakini mdudu wa unga unamdunga tu RNA ya nyuzi mbili, ile ya kuzima jeni, na inasambaa mwili mzima, kitu nzi hakubali vizuri. Mimi ningeanza na nzi, ingawa chupa za kumfugia zinanuka hamira, landlord ataongea.