SM58 ndani ya chumba cha Kiwalani: uzoefu wangu wa miezi tisa

Mangi wa mtaani kwetu ameshazoea vituko, lakini siku niliyomwomba anipimie maiki kwenye mizani ya sukari alinitazama kwanza. "Siku hizi unauza kwa kilo?" Nikamwambia we pima tu kaka. Mizani ikasoma gramu 236. Shure SM58 halisi, bila waya, ina gramu 298. Kampuni yenyewe imeandika hivyo kwenye maelezo yake. Gramu zangu 62 zilibaki Kariakoo, pamoja na shilingi 85,000.

Naanza na hilo kwa sababu wengi wananiuliza nimerekodia wapi nyimbo zangu tatu za mwisho, na nikiwajibu "chumbani, kwa SM58", kesho yake mtu ananitumia picha ya maiki ya elfu themanini. Ndugu yangu, hiyo siyo. Maiki hii inaigizwa kuliko jezi za Simba na Yanga. Boksi linafanana, maandishi yanafanana, hata kimfuko kinafanana. Kitu cha kwanza kukustua ni uzito. Cha pili ni sauti: ya kwangu ilikuwa inatoa sauti kama mtu anaongea ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ya kweli niliipata miezi miwili baadaye, mtumba, kwa jamaa aliyekuwa anauza vyombo vya bendi yake ya harusi, 210,000. Nilienda nayo kwa Mangi kabla sijalipa. 298. Kule chini imechubuka, wavu umebonyea upande mmoja, haijalishi. Wavu unafunguka na unabadilishwa.

Sasa chumba. Ni kimoja, futi kumi kwa kumi, Kiwalani. Juu bati, chini saruji, dirisha linatazama njia ya bajaji, na ndege za kwenda na kutoka Julius Nyerere tunazisikia kama za kwetu. Kabla ya hapo nilikuwa nalipia studio elfu hamsini kwa wimbo, na akija mtu mwenye hela zaidi unahamia kwenye benchi mpaka jioni. Wakubwa wetu hawakuwa na namna nyingine. Enzi zile ukitaka kusikika, unabisha hodi kwa Master J pale MJ Records au kwa P-Funk Majani wa Bongo Records, na mlango usipofunguka unarudi na mistari yako kwenye daftari. Mimi nina laptop ya mtumba. Nikaona nijaribu.

Nilianza vibaya. Nilinunua ile seti ya kondensa (aina ya maiki inayonasa hata sauti ndogo) inayouzwa yote kwenye boksi moja: maiki, mkono wa kufunga mezani, sponji, kila kitu. Ukiiangalia unajiona uko Los Angeles. Nikarekodi ubeti wa kwanza, nikavaa hedifoni kusikiliza, nikasikia mtaa mzima. Feni ipo. Jogoo yupo. Baiskeli ya aiskrimu ikapita na kawimbo kake katikati ya ubeti wa pili, na kibaya zaidi ilikuwa inaingiliana na biti vizuri kabisa, mdogo wangu akasema tuiache.

Nikabandika trei za mayai ukutani kama tulivyoona kwenye picha. Msifanye. Trei zinapunguza kidogo mlio mwembamba wa juu, lakini ule mvumo wa katikati unaofanya sauti isikike kama iko bafuni unabaki vilevile. Na mende wanazipenda.

Hapo ndipo SM58 ilipoingia. Kuna kitu lazima kisemwe sawasawa, maana kinarudiwa vibaya kila siku: watu husema maiki za dainamiki, aina ya hii SM58, "hazisikii kelele". Zinasikia. Siri kubwa ni umbali. Kila ukipunguza umbali wa mdomo na maiki kwa nusu, sauti yako inaongezeka karibu desibeli 6. Kutoka sentimita 32, nilikokuwa nasimama na ile kondensa, mpaka sentimita 4, umekata nusu mara tatu. Hizo ni desibeli 18. Bajaji ya nje haijasogea. Kwa hiyo unashusha geini (kiasi cha kukuza sauti ya maiki), sauti yako inabaki palepale, bajaji inazama. SM58 imetengenezwa kushikwa mdomoni na kupigiwa kelele, ndiyo ile unayoiona kwa MC wa harusi na kwa mchungaji, kwa hiyo umbali huo inauweza. Kinachochekesha ni kwamba herufi SM ni kifupisho cha maneno yanayomaanisha maiki ya studio. Ilitoka mwaka 1966 ikiwa na jina la studio, dunia ikaipeleka jukwaani, na mimi nimeirudisha chumbani.

La pili ni upande. Maiki hii inasikia zaidi mbele, na mgongoni ndiko inakosikia kidogo kuliko kwingine kote. Mgongo wake nimeuelekeza dirishani. Maana yake mimi nachana nikitazama dirisha, na blanketi zangu mbili na godoro la inchi sita viko nyuma YANGU, siyo mbele. Karibu kila mtu anatundika blanketi mbele ya uso wake. Lakini maiki inatazama wapi? Inakutazama wewe na ukuta ulio nyuma yako, na ukuta huo ndio unaorudisha sauti. Siku niliyohamisha godoro niliona tofauti kubwa kuliko siku niliyobadilisha maiki, na godoro lenyewe nalilalia.

Feni lazima izimwe. Kwa mwezi wa kwanza na wa pili Dar hii, na dirisha limefungwa, una dakika ishirini kabla jasho halijaanza kudondokea kwenye laptop. Nikasema basi narekodi usiku. Saa tisa usiku mlango ukagongwa. Mama mwenye nyumba.

"Wewe mwanangu, unagombana na nani huko ndani?"

"Shikamoo mama. Sigombani, narekodi."

"Marahaba. Sasa huyo unayemwambia leo atakiona ni nani?"

Nilikosa jibu. Ule mstari nilikuwa nimeurudia labda mara thelathini. Tulikubaliana mwisho saa nne usiku, halafu Jumapili asubuhi akiwa kanisani uwanja ni wangu. Nyimbo zangu zote tatu ni za Jumapili.

Vitu vidogo vya kurekodi. Maiki hii inataka geini nyingi. Kwenye kadi yangu ya sauti (kile kifaa kinachounganisha maiki na laptop) kitufe kinafika karibu robo tatu ndipo nipate vilele vya kama desibeli -12. Usiogope kuwa mstari wa sauti unaonekana mwembamba kwenye kioo, uache uwe mwembamba. Ikigonga sifuri, ndio mwisho wa kipimo, imeungua na haifufuki. Ukisikia mvumo wa chini usiokoma, chomoa chaja ya laptop. Umeme wetu ni wa hezi 50 na chaja mbovu inaimba noti hiyohiyo. Mimi narekodi kwa betri, na umeme ukikatika katikati ya ubeti siupotezi. Bafa (fungu la sauti ambalo laptop inalikusanya kabla ya kulichakata) nimeiweka sampuli 128, ukichukua sampuli 44,100 kwa sekunde hapo unachelewa kama milisekunde 3 tu kwenda, ingawa hiyo siyo njia yote, lakini sijisikii nachelewa nyuma ya biti. Wakati wa kumiksi, yaani kuchanganya sauti na biti, naipandisha mpaka 1,024, laptop ipumue.

Herufi P ndiyo adui. "Pesa", "pole", "pambana", na sisi wachanaji tunazipenda hizohizo. Wavu wa SM58 una sponji ndani lakini kwa sentimita 4 haitoshi. Nimevisha soksi ndefu ya kike kwenye hanga ya waya iliyokunjwa duara, na maiki siielekezei mdomo moja kwa moja, naiweka pembeni kidogo, kama inataka kuninong'oneza kwenye kona ya mdomo. Upepo unapita, sauti inabaki.

Kumiksi nafanya kwenye programu ya Reaper. Unaijaribu siku 60 bila kufungiwa kitu, halafu leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na hata kwenye laptop yangu yenye ramu 4 inakimbia. Plagini zote nilizotumia, yaani vile vifaa vya ndani ya programu vya kurekebisha sauti, ni zile inazokuja nazo.

Tatizo langu kubwa halikuwa sauti, lilikuwa biti. Wengi wetu tunachania faili moja la MP3, limeshabanwa na kupandishwa mpaka mwisho. Ukiweka sauti yako juu yake unaona haitoki, unaipandisha, inagonga nyekundu, unaongeza kompresa (plagini inayobana sauti inapozidi), mwisho wake inakuwa vita. Sasa hivi kabla ya yote nashusha biti desibeli 8. Halafu kwenye biti nachimba kashimo ka desibeli 2 au 3 kati ya hezi 2,000 na 4,000, maana hapo ndipo maneno yanasikika kama maneno. Ghafla sauti imepata kiti, bila kelele.

Kwenye sauti yenyewe: nakata kila kitu chini ya hezi 100. Ukiwa karibu hivyo, maiki inakuongezea besi ambayo hukuzaliwa nayo. Unajisikia kama simba, ila kwenye wimbo inageuka matope. Napunguza tena kidogo kwenye 250. Kompresa mbili badala ya moja: ya kwanza ya haraka, nne kwa moja, inashika vilele tu, ya pili ya polepole, mbili kwa moja, inasawazisha. Moja ikifanya kazi yote unaisikia ikihema. Kisha kipunguza mlio wa S kwenye hezi 6,000 hivi, kwa sababu Kiswahili kimejaa "sasa", "shida" na "siasa", na ukiongeza mwanga wa juu zinachoma masikio kama pilipili mbuzi. Maneno ya mwisho ya mistari narekodi tena mara mbili, moja kushoto moja kulia, chini sana, usikie uzito tu usione mtu wa pili. Mwangwi naupiga hesabu: biti ya mapigo 90 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 667, nusu yake 333. Nikiweka 333 mwangwi unatembea na ngoma. Nikikisia unagombana nayo.

Sina spika za studio. Namiksi na hedifoni, halafu nazunguka: spika ya simu, hedifoni ya sikio moja, kisha bajaji ya jirani yangu mwenye sabufa chini ya kiti. Kwenye simu besi ya biti ilipotea yote, wimbo ukabaki makofi na mimi. Dawa ilikuwa kuichafua besi kidogo kwa plagini ya kukwaruza, ipate milio ya juu ambayo spika ndogo inaiweza. Kwenye bajaji ikawa kinyume, sikio la jirani likasema "bro, unaongea kwa mbali". Nikapandisha sauti desibeli moja na nusu. Hiyo bajaji imenifunza kuliko video zote nilizotazama. Kwenye masta, ile hatua ya mwisho ya wimbo mzima, sikubani sana. Spotify kwa kawaida inasawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima), kwa hiyo ukibana mpaka wimbo uwe tofali, wao wanaushusha na unabaki na tofali dogo.

Iliponishinda: dada mmoja alikuja kuimba kiitikio, sauti yake laini, ya kunong'ona. Nikapandisha geini mpaka mwisho, nikapata sauti pamoja na "shhhh" ya kadi. Isitoshe SM58 inaishia kwenye hezi 15,000, na ile hewa ya juu inayofanya mwimbaji laini asikike kama yuko sikioni mwako haipo kwa wingi. Nikiwa nachana naongeza desibeli 3 kuanzia 8,000 na naridhika. Kwake haikutosha. Kiitikio tulienda kukirekodi kwa mshkaji Sinza mwenye kondensa nzuri na chumba kilichozibwa vizuri, elfu ishirini, nusu saa. Sioni aibu. Kwa mchanaji mwenye kifua, kwenye chumba chenye bati na majirani, naipa nyota nne na nusu. Kwa mwimbaji wa sauti ya chini, mbili.

Ile kondensa niliiuza. Ya bandia, ya gramu 236, anayo mdogo wangu. Jumamosi anatangazia mechi za ndondo pale uwanjani, na kwa kazi hiyo sijasikia mtu akilalamika.